Kama hujaiona atomu, unaamini tu? Jibu kwa mwalimu wa fizikia

SWALI: Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Tulipokuwa kwenye mada ya muundo wa atomu, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza kama nimewahi kuiona hiyo atomu kwa macho yangu. Nikasema hapana. Akanijibu: "Basi na wewe mwalimu unaamini tu, kama bibi yangu anavyoamini mizimu. Tofauti yenu ni kwamba wewe unalipwa mshahara." Darasa zima likacheka, nikaendelea na somo. Lakini swali limenikaa. Je, sayansi nayo si imani kama imani nyingine? Na kama siyo, nitamweleza vipi kijana huyu bila kumvunjia heshima bibi yake?

JIBU:

Mwalimu, pole na hongera. Pole kwa kuchekwa, hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa aina hiyo. Umpe taarifa kwamba swali lake lina ukoo mkubwa. Ernst Mach, yule ambaye jina lake bado linatumika kupimia mwendo wa ndege zinazoipita sauti, alikuwa mwanafizikia na mwanafalsafa huko Vienna, na inasimuliwa kwamba mtu akitaja atomu mbele yake alimrudishia swali: "Wewe umeiona hata moja?" Mkemia Wilhelm Ostwald, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, naye alizikataa atomu kwa miaka mingi. Hawa walikuwa vinara wa sayansi ya Ulaya. Walichosema ni kwamba atomu ni ufundi wa kurahisisha hesabu, na kwamba mtu makini hapaswi kudai kipo kitu ambacho hakijaonekana na yeyote.

Kwa hiyo hoja ya kijana wako imewahi kuwa hoja halali ndani ya sayansi yenyewe. Inafaa darasa lijue ilijibiwaje.

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea, Robert Brown, alitazama kwa hadubini chembe ndogo zitokazo kwenye chavua zikielea majini. Zilikuwa zikitikisika bila kutulia. Alidhani huenda ni uhai, akajaribu na unga wa mawe. Nao ukatikisika vilevile. Jambo hilo lilikaa bila maelezo ya kuridhisha hadi 1905, Albert Einstein alipopiga hesabu: kama maji yameundwa kwa molekuli zinazozigonga chembe hizo kutoka kila upande, basi chembe ya ukubwa fulani itahama umbali fulani kwa muda fulani. Jean Perrin wa Paris akaingia maabara kupima. Alitengeneza vijipira vidogo vya utomvu, akavihesabu kwa hadubini katika vina tofauti vya maji, akafuatilia mwendo wao, na kutokana na hapo akakadiria idadi ya molekuli katika moli moja, kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe: namba ile unayowafundisha, takriban 6 ikifuatwa na sifuri 23.

Kisha likaja lililowavunja wapinzani nguvu. Perrin alikusanya makadirio ya namba hiyohiyo yaliyopatikana kwa njia zisizo na undugu: mwendo wa chembe majini, rangi ya bluu ya anga, chaji ya umeme, mnururisho wa madini kama rediamu. Katika kitabu chake cha 1913 njia hizo zinapita kumi, na zote zinaangukia pale pale. Kama atomu ni hadithi, njia zisizojuana zimekubaliana vipi juu ya idadi yake? Ostwald alikuwa amekwisha kusalimu amri kwa maandishi kufikia 1909. Mach hakushawishika sawasawa, akafa 1916. Siku hizi tuna vyombo vinavyotoa picha ya atomu mojamoja juu ya uso wa metali, lakini tambua kwamba mjadala ulikwisha muda mrefu kabla ya picha hizo. Macho hayakuwa kigezo.

Sasa jiandae, maana kijana mwenye akili hatakubali hapo. Atakuuliza: "Na hayo ya Perrin, ulikuwepo?"

Hukuwepo. Mimi pia sikuwepo. Hapa ndipo walimu wengi wa sayansi hukosea, kwa kujibu kwamba "sisi tunathibitisha, wao wanaamini." Si kweli. Mwaka 1985 mwanafalsafa wa Marekani, John Hardwig, aliandika makala iliyoliweka jambo hili wazi: sehemu kubwa ya tunachokijua tunakijua kwa kumtegemea mtu mwingine, na wanasayansi hawana msamaha. Kuna tafiti za fizikia zenye waandishi wengi ambapo hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuikagua kazi nzima peke yake. Aliyetengeneza kipima-chembe anamwamini aliyeandika programu, na huyo anamwamini aliyepiga hesabu. Daktari aliyekuandikia dawa hakuichunguza yeye. Wewe mwenyewe unaandika ubaoni uzito wa elektroni uliounukuu kitabuni.

Kwa hiyo mkubalie: ndiyo, naamini. Ukilikataa hilo umeshindwa kabla ya kuanza, na darasa litajua.

Swali linalobaki ni kama kuamini kote ni kumoja, na hapo inabidi tumtazame bibi kwa haki. Kuna tabia mbaya ya kumlinganisha bibi wa kijijini kwetu na profesa wa Ulaya, kisha kutangaza kwamba Mwafrika ana imani na Mzungu ana akili. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliikemea tabia hiyo katika kitabu chake cha 1980. Alisema mila za Afrika zilinganishwe na mila za Ulaya, bibi kwa bibi, maana huko nako watu wa kawaida wana mapepo yao, namba za mkosi na paka weusi. Sayansi iwekwe upande wake, kama jambo lililokuja kwa kuchelewa kila mahali na ambalo halina kabila.

Halafu, bibi anafikiri. Kazi iliyowafanya wanafalsafa wabishane miaka na miaka juu ya hili ni ya E. E. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyeishi na Wazande katika nchi tunayoiita leo Sudan Kusini na kuchapisha kitabu chake mwaka 1937. Alieleza jinsi ghala la nafaka linavyoweza kuwaangukia watu waliojipumzisha kivulini chini yake. Mzande anajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Hahitaji kufundishwa hilo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale. Kwa swali hilo ana jibu: uchawi. Sisi wenye digrii swali hilo hatulijibu; tunasema ni bahati mbaya na tunaendelea na safari.

Tena Wazande walikuwa na utaratibu wa kuhakiki. Jambo zito lilipelekwa kwenye ramli ya sumu iitwayo benge: kuku analishwa sumu, anaulizwa, akifa ni jibu hili, akipona ni lile. Kisha kuku wa pili analishwa swali likiwa limegeuzwa, kuona kama majibu yanapatana. Huo ni urudiaji wa jaribio, Mwalimu, kuna maabara hazifanyi. Evans-Pritchard mwenyewe alikiri kwamba aliendesha mambo ya nyumba yake kwa ramli hiyo na hakuona kuwa ni njia mbaya kuliko nyingine anazozijua.

Na ramli ikijipinga? Udhuru upo tayari: sumu ilikuwa mbovu, mwendeshaji alivunja mwiko, mchawi aliingilia. Wasomaji wengi wa Ulaya walipofika hapo walichekelea: ndiyo hao, wana visingizio. Wasicheke mapema.

Mwanzoni mwa karne ya 19 sayari ya Uranus ilikuwa haipiti pale ambapo kanuni za Newton zilisema itapita. Je, wanajimu wa anga waliitupa Newton? Hapana, walitoa udhuru: iko sayari nyingine hatujaiona, ndiyo inayoivuta. Urbain Le Verrier wa Paris alikokotoa mahali ilipo, akawaandikia wenzake wa Berlin. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846, na usiku uleule Johann Galle akaiona, chini ya nyuzi moja kutoka mahali palipotajwa. Ndiyo Neptune. Baadaye, 1859, Le Verrier huyohuyo akakuta sayari ya Zebaki nayo ina kasoro katika njia yake. Akatoa udhuru uleule: iko sayari karibu zaidi na jua, akaiita Vulcan. Watu wakaitafuta kwa miongo, wengine wakaapa wameiona. Haikuwepo. Le Verrier alifariki 1877 akiwa bado anaiamini, na kasoro ile ilikuja kueleweka mwaka 1915 Einstein alipobadilisha nadharia yenyewe ya mvutano.

Mtu mmoja, udhuru mmoja, mara mbili. Mara ya kwanza ukampa umaarufu, mara ya pili ukamwangusha. Ukimsoma mwanafalsafa wa sayansi Karl Popper utaambiwa mwanasayansi wa kweli huweka nadharia yake mahali inapoweza kukanushwa, na ikikanushwa huiacha. Kwa mfano huu utaona mambo hayaendi kirahisi hivyo. Thomas Kuhn mwaka 1962 aliandika kwamba wanasayansi huishi kwa muda mrefu ndani ya mfumo mmoja wa fikra, wakizipuuza au kuzifunika kasoro, mpaka zinapozidi na mfumo kupinduka. Imre Lakatos akajaribu kuwapatanisha, Paul Feyerabend mwaka 1975 akasema hakuna kanuni moja ya sayansi ambayo haijawahi kuvunjwa kwa faida ya sayansi. Nimewapitia mbiombio kwa sababu majina haya yanajaza silabasi za chuo kikuu na kwa swali lako hayaongezi sana. Wanachokubaliana, kila mmoja kwa namna yake, ni kwamba visingizio vipo pande zote.

Basi tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu haipo kichwani mwa anayeamini. Mwanasayansi hana ubongo tofauti na wa bibi, wala hana unyenyekevu zaidi. Niliowahi kufanya nao kazi wengi ni wabishi kupindukia. Tofauti iko katika mpangilio wa watu: nani anaruhusiwa kusema "hapana", anapewa nini cha kukagua, na anatendewaje baada ya kusema. Udhuru wa Le Verrier ulimpa mtu wa nchi nyingine, asiyemdai wala kumwogopa, mahali pa kuelekeza darubini. Ulipokuwa wa kweli alionyesha, ulipokuwa wa uongo alionyesha pia. Udhuru wa sumu iliyoharibika haumpi jirani pa kwenda kuangalia, na anayeutoa mara nyingi ndiye mwenye ramli.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mlangoni kwako. Shule ya Sekondari Magamba iko Lushoto, mkoani kwenu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu pale, darasa la huyu kijana wako. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi zilikuwa zinagombewa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa, akaingiza mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Mwenzake aliweka wake bila hata kuchemsha. Kama saa moja na nusu baadaye wa Mpemba ulikuwa umeganda, wa mwenzake bado ni uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akaliuliza tena walipokuwa wakisoma kanuni ya Newton ya kupoa. Mwalimu akamaliza mjadala kwa kusema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia nzima. Darasa likalishika hilo kama utani, akikosea hesabu, ni "hesabu za Mpemba."

Siku moja Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na swali lake lilelile: vyombo viwili sawa, maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini cha moto kigande kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, na aliona swali ni la ajabu, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Isome tena sentensi ya fundi huyo. Imani yote ya sayansi iliyokengeuka imo humo, katika maabara, siyo kwa mganga. Mwalimu wa Magamba, mwalimu wa Mkwawa, wanafunzi waliocheka na fundi aliyejua jibu kabla ya kupima, wote walikuwa "upande wa sayansi", na wote waliamini kama anavyoaminiwa mzee wa mizimu. Kilichookoa jambo ni kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyekubali kwamba swali la mtoto wa shule linaweza kupimwa, na palikuwa na mahali pa kulipeleka. Mwaka 1969 makala yenye majina mawili, Mpemba na Osborne, ikachapishwa katika jarida la elimu ya fizikia huko Uingereza. Leo dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Wala usikomee hapo ukifundisha, maana hadithi ingekuwa tamu mno. Mwaka 2012 taasisi ya wanakemia ya Uingereza iliitisha shindano la kutafuta maelezo ya tukio hilo na kupata majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, wakapima upya muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika. Kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunatosha kukudanganya. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, wakaonyesha kwa kijichembe kimoja ndani ya maji kwamba mfumo wenye joto zaidi unaweza kweli kumtangulia wenye joto dogo katika kupoa. Ubishi unaendelea, na hakuna aliyemtukana Mpemba kwa kumpinga. Akipingwa kwa kipimajoto, amepewa heshima ileile aliyopewa Newton.

Tuhamie kwenye afya, maana huko imani ina gharama. Unakumbuka mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kijijini Samunge kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba kinaponya magonjwa sugu ukiwemo UKIMWI. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa na kilometa. Walikwenda maskini, walikwenda mawaziri, walikwenda watu wa Kenya. Wasomi waliocheka walijidanganya: mgonjwa aliyekata tamaa, aliyewasikia watu anaowaamini wakishuhudia kupona, kwa bei ya soda, alifanya uamuzi ambao mimi siwezi kuuita wa kipumbavu. Na mti wa mugariga, aliotumia kutengeneza kikombe hicho, ungeweza kweli kuwa na dawa. Miti mingi inayo.

Kilichokosekana Samunge ni daftari. Waliojisikia nafuu walirudi kushuhudia. Waliokufa nyumbani, pamoja na wale walioacha vidonge vyao vya ARV kwa sababu walijiona wamepona, hawakurudi. Hapakuwa na mtu aliyeandika majina ya wote walioingia kisha akawafuata baada ya mwaka mmoja. Kwa utaratibu wa namna hiyo hata maji matupu hupata mashahidi.

Linganisha na kifua kikuu. Mpaka miaka ya 1960 tiba ya TB ilichukua kama mwaka mmoja na nusu na wengi waliiacha njiani. Kuanzia 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ziliwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu, makundi ya tiba fupi kila moja likipewa mchanganyiko wake wa dawa kwa miezi sita, kisha wakawafuatilia kuona ni nani ugonjwa unamrudia. Matokeo ya kwanza yalitoka 1972: makundi yaliyoongezewa rifampicin au pyrazinamide yalirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi. Tiba ya miezi sita inayotolewa leo duniani kote ina mizizi katika vifua vya watu wa Afrika Mashariki. Kijana akisema sayansi ni ya Wazungu, mwambie hilo.

Na akidhani sayansi inadharau dawa za asili, mwambie kuhusu dawa ya mseto ya malaria. Artemisinin iliyomo ndani yake ilitoka kwenye mmea uliotajwa katika maandishi ya Kichina ya karne ya 4. Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, aliona maandishi hayo yanasema mmea uloweshwe maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akabadili njia ya kuutoa kiini, akitumia joto dogo, na mwaka 1971 akapata dondoo iliyofanya kazi. Alipewa Nobel 2015. Wazo linaweza kutoka kwa babu, kwenye ndoto au kwenye aiskrimu. Sayansi haiulizi limetoka wapi, inauliza limepita katika mikono ya wangapi waliotaka kulivunja.

Kijana anaweza kuwa na karata ya mwisho, hasa kama amekaa madrasa: hata kuamini kwamba moto utaunguza kesho kama ulivyounguza jana ni imani. Ni kweli kabisa, na alilisema Imam Al-Ghazali karne ya 11, zaidi ya miaka 600 kabla ya mwanafalsafa David Hume wa Uskochi. Katika kitabu chake dhidi ya wanafalsafa alisema tunachokiona ni pamba kuungua ikigusana na moto. Kwamba moto *ndio* unaounguza, hilo hatujaliona. Ibn Rushd wa Córdoba akamjibu karne iliyofuata kwamba anayekanusha sababu amekanusha akili yenyewe. Ubishi huo haujaisha, na mimi naona Ghazali hajawahi kujibiwa sawasawa. Lakini angalia: imani hiyo ya msingi bibi anayo pia, kila anapowasha kuni. Haitusaidii kumtenga bibi na mwanafizikia. Na Ghazali huyohuyo, kitabuni humo, aliwaonya watu wa dini wasibishane na hesabu za kupatwa kwa jua, kwa sababu hesabu zile zimethibitika, na anayezipinga kwa jina la dini anaidhuru dini. Waislamu darasani kwako wanaijua hadithi ya Mtume (SAW), kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu yeyote.

Kitu kimoja cha ziada, kwa sababu najua litaulizwa. Mwezi Mei 2020 Rais John Magufuli alisema sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na korona. Wengi walikasirika, wengine walishangilia. Mimi nasema kumtega mpimaji kwa sampuli asizozijua ni njia halali. Maabara nzuri hutegwa hivyo mara kwa mara ili kukaguliwa. Tatizo lilikuwa hatua inayofuata. Namna sampuli zilivyochukuliwa, kusafirishwa na kupimwa haikuwekwa hadharani ili maabara nyingine irudie, na mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Mtego wa kisayansi ukageuka hukumu. Serikali ikisema "tuaminini", kampuni ya dawa ikificha majaribio yaliyofeli, profesa akimnyima mwanafunzi shahada kwa kumpinga, tumerudi kwenye ramli ambayo mwenye nayo ndiye mwenye udhuru, na raia anapoacha kuwaamini hana kosa.

Kwa hiyo nikirudi kwenye utani wake wa mshahara: ndiyo, unalipwa, na swali la nani anamlipa mwanasayansi ni swali zuri ambalo asiache kuliuliza. Kuhusu bibi, usimhukumu mbele ya mjukuu wake. Mwambie kijana amuulize kwa adabu: "Bibi, ni jambo gani likitokea utasema mizimu haikuhusika?" Anaweza kushangazwa na jibu, wazee wengi hutofautisha ugonjwa wa hospitali na wa nyumbani kwa vigezo vyao. Na wewe ujiandae kuulizwa hivyohivyo kuhusu atomu. Jibu langu mimi lingekuwa: kama zile njia za Perrin zingetoa namba zilizoachana mbalimbali, ningekuwa upande wa Mach.

Kisha wafanyieni wenyewe la Mpemba. Pima maji kwa mizani, maana yale ya moto hupungua kwa mvuke. Kila kundi liandike utabiri wake kwenye karatasi na kuutia saini kabla friza haijafungwa. Atakayekagua barafu asiambiwe chombo kipi kilikuwa cha moto. Weka alama chini ya chombo. Makundi yakipata majibu tofauti, yote yabaki ubaoni, usifute hata moja. Na kama friza ni moja, siku ya pili badilisheni nafasi za vyombo, kwa sababu kilichokaa karibu na ukuta wenye barafu hupoa haraka zaidi na kinaweza kuwapa ushindi wa bure.